Jinsi ya Kuboresha Tovuti ya Biashara Ndogo ya Sabuni za Mikono

Mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya sabuni hufanya mambo matatu kabla ya kutoa pesa: huchukua kipande akakinusa, hukigeuza mkononi kupima uzito na ukubwa wake, kisha humuuliza muuzaji kimetengenezwa kwa nini na kinauzwa bei gani. Kwenye tovuti mambo mawili ya kwanza hayawezekani, na wauzaji wengi wamelifanya hata la tatu kuwa gumu. Kwa hiyo anayetaka kuboresha tovuti yake asianze na rangi wala nembo, bali aanze na ukurasa wa kila sabuni, kwa kuwa huko ndiko mauzo yanakopatikana au yanakopotea.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989 na ambako siku hizi mwani uliosagwa hutiwa kwenye sabuni pamoja na mafuta ya nazi na karafuu. Chini ya picha ya sabuni ya namna hiyo mara nyingi huandikwa: "Sabuni bora ya asili, inafaa kwa ngozi zote, karibuni sana." Maneno hayo hayamwambii mnunuzi lolote, kwa sababu muuzaji yeyote angeweza kuyaandika kuhusu sabuni yoyote. Yalinganishwe na haya: "Kipande cha gramu 100 cha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti, unga wa mwani na mafuta ya karafuu. Rangi yake ni kijani kilichofifia, chenye chembe za mwani zinazosugua ngozi kwa upole. Harufu ya karafuu husikika vizuri kipande kikiwa kikavu, na baada ya kusuuza hubaki kwa mbali. Kwa kuwa mafuta yake mengi ni ya nazi, hutoa povu hata kwa maji ya kisima yenye chumvi." Maelezo haya ya pili yanafanya kazi ya pua na mkono, na mtu wa Tanga au wa Muscat anayeyasoma anajua anachokinunua.

Orodha ya viambato iandikwe yote, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na isifichwe ndani ya picha ya lebo ambayo haisomeki kwenye simu. Wanunuzi wa Tanzania wana sababu nzuri ya kuwa waangalifu, kwani soko limewahi kujaa vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, ambavyo vimepigwa marufuku. Kuandika tu "haina kemikali" hakumwondolei mtu shaka, na isitoshe si kweli: sabuni ya kipande iliyotengenezwa nyumbani kwa mafuta imepitia kwenye kostiki soda. Ni afadhali kueleza kwa sentensi mbili kwamba kostiki huungana na mafuta, na kwamba kipimo kikiwa sahihi na sabuni ikaachwa ikomae, kostiki yenyewe haibaki ndani ya kipande. Vilevile mafuta ya karafuu yana ujenoli, ambayo huwasha ngozi za baadhi ya watu, na jambo hilo liandikwe waziwazi badala ya kusubiri malalamiko.

Kuna maneno yanayopaswa kuondolewa leo hii. Sabuni ya mwarobaini inayotangazwa kwamba "inatibu fangasi" au ya manjano inayodaiwa "kuondoa chunusi kabisa" imeingia kwenye madai ya dawa. Kwa Tanzania Bara, vipodozi vimekuwa chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS, tangu mwaka 2019, ilhali dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Zanzibar nayo ina taasisi zake. Anayeuza kipodozi huku akiandika kama muuza dawa anajitafutia usumbufu ambao sentensi moja iliyo ya kweli ingeuepusha: "Husafisha ngozi yenye mafuta bila kuiacha imekakamaa" ni dai ambalo sabuni iliyotengenezwa vizuri inaweza kulibeba.

Bei ni suala ambalo halihitaji maelezo marefu, ila linahitaji ujasiri. Desturi ya kuandika "bei njoo inboksi" inamlazimisha mteja aombe kitu ambacho ni haki yake kukijua, na wengi hawaombi, wanaenda kwingine. Bei iandikwe kwa shilingi, ya kipande kimoja na ya fungu la vipande, kando ya uzito. Kuhusu uzito, ikumbukwe kwamba sabuni iliyotengenezwa bila kupikwa motoni huachwa ikomae kwa wiki 4 hadi 6, na katika muda huo maji hutoka na kipande hupungua. Uzito unaoandikwa uwe wa siku ya kuuza, si wa siku ya kukata.

Muda huohuo wa kukomaa unaleta tatizo ambalo muuza nguo hana: sabuni ikiisha, haitengenezwi kesho ikauzwa keshokutwa. Tovuti nyingi huacha sabuni iliyokwisha ikiendelea kuonekana kana kwamba ipo, mteja analipa, kisha anaanza kuombwa radhi. Iandikwe "imekwisha", na chini yake tarehe ambayo sabuni iliyoko kwenye kichanja itakuwa tayari, pamoja na kitufe cha kuacha namba ya simu ili aarifiwe. Kwa maoni yangu hakuna badiliko jingine dogo linalowafaa zaidi watengenezaji wadogo, kwa sababu linageuza udhaifu wao kuwa ushahidi kwamba sabuni hainunuliwi kiwandani na kubandikwa lebo.

Picha zipigwe asubuhi au alasiri karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, juu ya kitambaa cheupe au ubao mtupu. Kanga inapendeza, lakini maua yake humeza sabuni, na jicho la mtazamaji huishia kusoma jina la kanga. Picha tatu zinatosha kwa kila sabuni: kipande chenyewe, kipande mkononi ili ukubwa uonekane, na povu. Rangi za asili hutofautiana kila mara zinapotengenezwa, kwa hiyo iandikwe kwamba rangi ya kipande inaweza kuwa nyepesi au nzito kidogo kuliko ya picha. Kisha picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu janja inaweza kuwa na megabaiti 4, na ukurasa wenye picha 10 za namna hiyo unakula bando la mteja kabla hajaona bei. Upana wa pikseli 1200 na ukubwa usiozidi kilobaiti 200 unatosha. Google inapendekeza kwamba kitu kikubwa zaidi kinachoonekana ukurasa unapofunguka, kwa mfano picha kuu, kitokee ndani ya sekunde 2.5, na chombo chake cha bure cha PageSpeed Insights kitaonyesha kinachochelewesha. Hata hivyo kipimo cha kuaminika zaidi ni kuifungua tovuti kwenye simu ya bei nafuu, kwa data ya kawaida, ukiwa mbali na waifai ya ofisini.

Malipo yafuate njia ambazo watu wanazitumia. Lipa namba iwekwe kwenye ukurasa wa kuagiza pamoja na jina litakalotokea mteja anapoingiza namba, kwa sababu jina hilo likiwa tofauti na la biashara, mtu makini husitisha malipo. Kitufe cha WhatsApp kiundwe kwa anwani ya wa.me ikifuatiwa na 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo, na kiwe na ujumbe uliokwisha kuandikwa wenye jina la sabuni, ili usianze kuuliza "unataka ipi?". Gharama za kufikisha mzigo zitajwe kwa mahali: bodaboda mjini, boti kati ya Unguja na Dar es Salaam, basi kwa mikoani, na nani anayelipa mzigo ukifika stendi.

Kuhusu wateja wa Ulaya, tahadhari inahitajika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1223 ya mwaka 2009 inataka kila kipodozi kinachouzwa huko kiwe na mhusika anayewajibika aliyeko ndani ya Umoja huo na ripoti ya usalama, na ujenoli hulazimika kutajwa kwenye lebo ikizidi asilimia 0.01 katika bidhaa za kusuuzwa. Mpaka hayo yatimie, ukurasa wa Kiingereza uwahudumie wageni wanaotembelea visiwani na kuchukua sabuni dukani, na Ulaya isiwekwe kwenye orodha ya maeneo unakotuma mizigo.

Mwisho ni umiliki. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yenu, liwe la .co.tz au jingine, lisajiliwe kwa jina la biashara na kwa baruapepe ya biashara, si ya fundi aliyejenga tovuti, na nywila zote ziwe mikononi mwa watu wawili wa kikundi. Fundi akihama au mkigombana, mtamtafuta mwingine na sabuni zitaendelea kuuzwa. Tarehe ya kulipia upya iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, na kila mwanzo wa mwezi mmoja wenu aagize kipande kimoja kupitia tovuti kama mteja wa kawaida, tangu kuchagua hadi kulipa, ili kiungo kilichokufa au bei ya zamani ionekane kwenu kwanza.