Kuotesha Ukoka wa Uani kwa Mbegu

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, wakati unaofaa kusia mbegu za ukoka ni mwanzoni mwa masika, kuelekea mwezi wa Machi, ingawa mvua kubwa ikiziwahi huweza kuzisomba hadi mtaroni. Kazi nzito hasa ni kuondoa ndago: chimba hadi kina cha sentimita 15 na uokote viazi vyake vidogo kimoja kimoja, kwa kuwa vinavyosalia ardhini huchipua upya. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha usawazishe kwa reki.

Kwa kuwa mbegu hizi ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu, utawanye nusu ukitembea kwa urefu wa uwanja na nusu iliyobaki kwa upana, halafu uzifunike kwa udongo usiozidi nusu sentimita na kuushindilia kidogo kwa ubao. Nyunyizia maji taratibu asubuhi na jioni mpaka zichipue, jambo linaloweza kuchukua wiki moja hadi tatu. Chini ya mwembe usihangaike, maana ukoka haustahimili kivuli. Ufikapo sentimita 6 hivi, ukate kwa mara ya kwanza, ukiondoa theluthi moja tu ya urefu wake.