Ripoti ikisuasua, tazama safu ya kuunganishia

Kwa mnaotunza kanzidata za ushirika wa asali hapa Tabora: ripoti ya mfugaji mmoja ikichelewa, wekeni indeksi (orodha ya kutafutia mistari haraka) kwenye safu inayounganisha jedwali la mapokezi na la wafugaji:

CREATE INDEX ON mapokezi (mfugaji_id);

PostgreSQL, programu ya kanzidata, huweka indeksi yenyewe kwenye ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila mstari), si kwenye ufunguo wa kigeni (safu inayorejelea jedwali jingine, kama mfugaji_id), na wengi hudhani inaweka. Bila indeksi hiyo, husoma jedwali zima kutafuta mistari michache. MySQL, programu nyingine ya kanzidata, ikitumia injini ya kuhifadhi ya InnoDB, huiweka. Hakikisheni kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha jinsi kanzidata itakavyotafuta mistari, kabla na baada. Haitasaidia ripoti ikihitaji karibu mistari yote, wala mkiifunga safu ndani ya LOWER(), yaani kugeuza herufi kuwa ndogo. Msiindeksi kila safu. Mkifanya hivyo, uingizaji wa mapokezi utakuwa mzito.