Siku ya wazazi shuleni, angalia mwezi kwanza

Walimu na kamati za shule huku Kigoma, hasa sisi wa vijiji vya ziwani, kabla hamjapanga tarehe ya siku ya wazazi au tamasha la shule hebu angalieni mwezi uko wapi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, kwahiyo ukiweka sherehe wakati wa giza akina baba wamekesha ziwani, asubuhi wamelala, na akina mama wako mchangani wanaanika dagaa, nani atakuja sasa? Mbalamwezi ikiwaka sana taa haivuti dagaa vizuri, watu wanapumzika wanashona nyavu, hapo ndo pa kuwakamata. Jumamosi ya karibu na mwezi mpevu, imeisha hiyo.

Sisi mwaka fulani tulipanga kichwakichwa tu, viti vimejaa watoto na mgeni rasmi anaongea na miti.

Na jamani hotuba punguzeni. Wapeni wazee wa kijiji nafasi wapige ngoma za Kiha na watoto waingie humohumo, mtu akijua bibi yake anacheza haji peke yake, anakuja na ukoo mzima. Michango nayo msing'ang'anie hela, mwingine mwambieni alete dumu la mawese, mwingine unga wa muhogo, mwingine kuni, sufuria linajaa lenyewe. Ila Ramadhani msipange msosi wa mchana, huku Ujiji mtakula wenyewe.