Kabla ya kwenda kuona mabaki ya vita Guam msimu wa mvua: mambo ya kuzingatia

Kuanzia Julai hadi Novemba mvua hunyesha Guam, kisiwa cha Marekani katika Bahari ya Pasifiki, karibu kila siku, na Julai ndiyo mwezi ambao watu wengi hutaka kupanda kuyaona mahandaki na mizinga ya vita. Sababu iko kwenye kalenda. Tarehe 21 Julai 1944 Wamarekani walishuka kwenye fukwe za Asan na Agat kukitwaa tena kisiwa ambacho Wajapani walikuwa wamekishika tangu Desemba 1941, na kila mwaka kisiwa kizima huiadhimisha siku hiyo. Kwa hiyo, ukiamua kwenda na kikundi wakati huo, usihangaike kutafuta siku ya jua. Utalowa tu.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wakianza kujiandaa hukimbilia koti la mvua. Kwa joto la kule, ukipanda mlima umelivaa utaloweshwa na jasho kabla mvua haijakufikia. Afadhali shati jepesi la mikono mirefu linalokauka upesi, lisiwe la pamba. Koti libaki mkobani hadi mtakaposimama mgongoni mwa mlima, mahali palipo wazi, maana upepo ukikupata umelowa na umetulia utatetemeka hata katika nchi ya joto. Simu, funguo na dawa zitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha uutie huo ndani ya mwingine. Nguo kavu ziache garini.

Kazi kubwa iko miguuni na mikononi. Sehemu kubwa ya kusini mwa Guam ni ardhi ya volkano yenye udongo mwekundu wa mfinyanzi, na njia za kuelekea milima kama Tenjo na Chachao hupita humo. Udongo huo ukilowa unateleza kama sabuni, halafu unang'ang'ania soli mpaka kiatu kinakuwa kizito. Raba za mazoezi hazifai. Tafuta viatu vyenye meno marefu na yaliyoachana, tena viwe vya zamani, kwa sababu wekundu ule hautoki. Sasa angalia anachofanya mtu anapoteleza: mkono unaruka wenyewe kushika kilicho karibu, na kilicho karibu ni nyasi ndefu ambazo kingo zake hukata kama wembe. Kiganja kinachanika hata kabla hajafika chini. Glavu za bustani, hata za bei ya chini kabisa, zitakuokoa, na suruali iwe ndefu.

Buibui watakushangaza kwa wingi wao. Nyoka wa kahawia wa mitini, aliyeingia kisiwani na mizigo baada ya vita, aliwamaliza karibu ndege wote wa msituni, na buibui wakabaki bila wa kuwapunguza. Anayetangulia apunge kijiti mbele ya uso. Nyoka mwenyewe hutembea usiku na si tishio kwa mtu mzima. Nyigu ndio wa kuogopwa, kwani hujenga viota vyao chini ya majani, usawa wa kiuno. Mwenye mzio aseme kabla ya safari na abebe dawa yake, asingoje kuumwa ndipo aeleze.

Mito ni habari nyingine. Kijito mlichokivuka asubuhi kwa hatua tatu kinaweza kujaa ndani ya muda mfupi, kwa sababu mvua inanyesha milimani huku nyinyi mlipo kukiwa kweupe. Maji yakishapanda na kugeuka rangi, msivuke, subirini. Maji hayo pia hubeba vimelea vya leptospirosisi, ugonjwa uleule uliozuka Lindi mwaka 2022 ukaitwa Homa ya Mgunda. Vidonda vifunikwe kabla ya kuondoka, maji ya mtoni yasinywewe, na ukipata homa baada ya safari mwambie daktari kwamba ulitembea kwenye tope na maji ya mto.

Kuhusu mabaki yenyewe, kama kikundi kina wageni wa kutembea, anzeni na mizinga ya Piti. Ni mitatu, ya milimita 140, imekaa kwenye msitu wa mahogani juu ya kijiji, na njia yake ni fupi ingawa ina mwinuko. Wachamoru, wenyeji wa kisiwa, walilazimishwa kufanya kazi ya kuiweka pale. Wamarekani walipofika, mizinga hiyo ilikuwa bado haijawa tayari, na haikupiga hata mara moja.

Mvua huosha udongo na kufunua vilivyokuwa vimezikwa, mabomu ambayo hayajalipuka yakiwemo. Chuma chenye kutu kisichojulikana ni nini kisiguswe wala kupigwa teke. Wekeni alama ya mahali, rudini kwa njia mliyoijia, toeni taarifa. Mapango na mahandaki msiyaingie baada ya mvua kubwa. Na msichukue kitu, hata kipande cha chupa, kwani ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa la jinai. Isitoshe, kuna mabaki ya watu ambao hawajapatikana mpaka leo. Msitu ule una uwezo wa kuficha: Shoichi Yokoi, askari wa Kijapani, alijificha humo hadi Januari 1972.

Mkijiunga na msafara wa Julai kwenda Tinta na Faha, kusini karibu na kijiji cha Malesso', mjue mnakwenda msibani. Hapo Wajapani waliwaua wanakijiji 46, siku chache kabla Wamarekani hawajashuka. Tembeeni nyuma ya familia na mwache kupiga picha mpaka mruhusiwe. Popote msituni, Wachamoru huomba ruhusa kwa wazee waliotangulia kabla ya kuingia, na hujizuia kukojoa ovyo, hasa kwenye mti mkubwa uitwao nunu. Fanyeni hivyohivyo.

Mwisho, kikundi. Hesabuni watu mkiwa garini na tajeni saa ya kugeuka, mmefika au hamjafika, maana kikundi kilicholowa na kilichokaribia kilele hakina mtu wa kusema turudi. Asiye na kasi atembee mbele, na mwenye uzoefu awe mkiani akiwa na filimbi, kamba na tochi. Lita tatu za maji kwa kila mmoja si nyingi hata mvua ikinyesha. Kwa kuwa mabondeni simu hukosa mtandao, aliyebaki nyumbani apewe jina la njia na saa ambayo asipowasikia apige 911.