SOMO: Kulala msituni na familia kwa mara ya kwanza, pasipo bomba wala choo

Wakuu, wazazi wengi wanaotaka kuwapeleka watoto kambi msituni huanza kwa kuulizia hema. Mimi nasema anzeni na usiku. Mchana watoto watacheza tu, hata na vijiti. Usiku wa kwanza ndio utakaoamua kama watataka kurudi. Hatua zote hapa zinalenga jambo moja: giza liwakute mmeshakula, mmekauka, na kila mtu anajua atalala wapi.

Hatua ya 1: Jaribio la nyumbani. Pigeni hema uani mlale humo usiku mmoja. Hapo ndipo mtakapojua kigingi kimepotea au zipu inakwama. Waulizeni wanaosimamia msitu kama kulala na kuwasha moto kunaruhusiwa. Mwachieni mtu taarifa: mnakwenda wapi, mnarudi lini, na ikifika saa ngapi kimya atafute msaada.

Hatua ya 2: Mahali. Fikeni zikiwa zimebaki saa 3 za mwanga, maana mkiwa na watoto kila kitu huchelewa. Kabla ya kushusha mizigo, tazameni juu: mti mkavu au tawi lililokatika likaning'inia linaweza kuanguka hata pasipo upepo. Kisha tazameni chini. Korongo kavu lenye mchanga laini hushawishi, lakini mvua ikinyesha mbali mlimani maji hulijaza ghafla, na nyie hamjaona hata tone. Chagueni palipoinuka kidogo, kama mita 60 kutoka mtoni, yaani hatua 80 hivi za mtu mzima.

Hatua ya 3: Maji. Kadirieni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Kama gari linafika karibu, safari ya kwanza bebeni yote. Ya kijito, hata yakiwa maangavu, yachemsheni: yakitokota kwa nguvu, hesabuni dakika 1. Mkiwa juu ya mita 2,000 ziwe 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufikia joto la bondeni. Kuchuja kwa kitambaa huondoa tope tu, vijidudu vinabaki. Chemsheni jioni, asubuhi yatakuwa yamepoa.

Hatua ya 4: Choo. Hiki wengi hukipuuza. Chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji na kambi. Udongo wa juu huozesha haraka kuliko wa chini. Mpelekeni kila mtoto kungali mchana, achuchumae, ajaribu. Fungeni vitambaa vyeupe kwenye miti njia nzima ili tochi ivione. Mtoto anayeogopa giza hujizuia, tumbo linamuuma, na hakuna atakayelala.

Hatua ya 5: Chakula. Pikeni mlichokizoea. Usiku, chakula, dawa ya meno na takataka visibaki ndani ya hema; harufu huita wanyama.

Hatua ya 6: Kulala. Baridi kubwa hutoka ardhini. Blanketi moja chini yako lina faida kuliko mawili juu yako, na godoro la hewa peke yake halitoshi, wekeni mkeka mnene wa sponji. Kila mtu abadilishe nguo, hata zinazoonekana kavu, maana zina jasho. Kisha zimeni tochi, mkae pamoja mlangoni msikilize: yule chura, lile jani kavu, ule upepo. Mtoto akishaijua sauti, ikirudi saa nane usiku haimshtui.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, asante kwa somo. Baridi ikizidi, naweza kuingiza jiko la mkaa hemani nikaacha mlango wazi kidogo?*

Hapana, tafadhali sana. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Uwazi mdogo hauwaokoi. Jazeni chupa imara maji ya moto, ivikeni soksi, mtoto aiweke miguuni.

*Mkuu, mtoto akipotea je?*

Afundishwe kabla ya safari: asipotuona, asimame kwenye mti ulio karibu, asiondoke, apige filimbi mara 3, apumzike, arudie. Na aambiwe wazi kwamba hatagombezwa. Wapo watoto wanaojificha wakisikia wanaitwa, kwa kuogopa adhabu.

*Radi ikituanza usiku?*

Hema halikingi radi. Ingieni kwenye gari lenye paa la chuma, mfunge madirisha, mkae humo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

*Moto nafukia na udongo, inatosha?*

Haitoshi, makaa hukaa hai chini ya udongo kwa saa nyingi. Mwagieni maji, koroga, mwagieni tena, kisha sogeza kiganja karibu na majivu. Ukihisi joto, bado.