Pa kuweka thamani zinazotumiwa na programu nzima ya wavuti

Juzi mwenzangu aliniita: fomu yake inasema faili lisizidi MB 5, lakini mtu akipakia la MB 3 anarudishiwa kosa 413 (seva inasema kilichotumwa ni kikubwa mno). Mchana mzima ukaishia hapo. Kikomo kilikuwa sehemu tatu, kila moja na namba yake.

1. Isake namba. Usitafute 5242880 (MB 5 kwa baiti) peke yake. Huenda mwingine aliandika 5 * 1024 * 1024, ambayo ni hiyohiyo, na mwingine 5000000, ambayo siyo.

2. Zichambue. Inayotumika kwenye moduli moja ibaki humohumo. Siri, kama nywila na funguo, ziende kwenye .env ya seva (faili la mipangilio lililo nje ya msimbo). Faili moja la constants.js lililobeba kila kitu silipendi hata kidogo: moduli zote hulitegemea, na mwisho kila mtu anaogopa kuligusa.

3. Ya pamoja izaliwe kwenye seva. Hapa ndipo tulipokwama. Kwenye Django (mfumo wa Python wa kuandikia seva) iandike mara moja tu, ndani ya settings.py:

`UKUBWA_WA_FAILI = 5 * 1024 * 1024`

Kisha kivinjari kiiombe, mfano kupitia /api/mipangilio, programu inapofunguka. Mwenzangu alikuwa ameiweka kwenye .env ya Vite, zana inayojenga msimbo wa kivinjari. Akaibadilisha, akawasha seva upya, fomu ikabaki na namba ya zamani. Sababu ni kwamba Vite huipachika thamani ndani ya JavaScript wakati wa `npm run build`; usipojenga upya, hakuna kinachobadilika. Na chochote kinachoanza na VITE_ kikitumika kwenye msimbo, mtu yeyote anaweza kukisoma kwenye kivinjari, kwa hiyo usithubutu kuweka ufunguo wa siri humo. Kivinjari kikishapokea mipangilio kutoka seva, ifunge kwa `Object.freeze`, maana `const` huzuia tu jina kupewa thamani nyingine. Vilivyomo ndani ya objekti bado hubadilika. Nayo freeze hugandisha ngazi ya juu peke yake.

4. Usiisahau Nginx, seva inayopokea maombi kabla hayajafika Django. Ile 413 ilitoka huku: usipoandika `client_max_body_size`, kikomo ni MB 1. Weka 6m, kwa kuwa fomu huongeza baiti zake juu ya faili, na uache maoni yanayotaja settings.py.

5. Jaribu mpakani.

`truncate -s 5242880 a.bin`
`truncate -s 5242881 b.bin`

La kwanza lipite. La pili likataliwe kwa ujumbe wa programu yako. Ukiona ukurasa wa Nginx, rudi hatua ya 4.