Kupeleka mafaili kutoka Wete hadi Vuga kwa mstari wa amri

Afisi nyingi za Unguja na Pemba bado hupelekeana kumbukumbu zao kwa flashi anayokabidhiwa abiria wa boti, au kwa kikundi cha WhatsApp ambamo hesabu za afisi huchanganyika na mialiko ya harusi. Njia zote mbili zinafika, lakini flashi ikidondoka gatini Mkoani aliyeiokota ataisoma yote, na picha iliyotumwa kikundini hubaki kwenye simu za watu ambao hukuwakusudia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupeleka mafaili moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa SSH, programu inayoziunganisha kompyuta mbili kwa njia iliyofichwa. Amri zake huandikwa katika dirisha la terminali.

Tuchukue mfano wa ushirika wa karafuu ulioko Wete, ambao karani wake huandika daftari la wachumaji, pishi kwa pishi, kisha huzipiga picha kurasa zake na kuzihifadhi katika folda iitwayo `daftari`. Mhasibu wa ushirika anakaa Vuga, mjini Unguja, na ana kompyuta ya Linux inayowaka mchana kutwa. Akaunti inayopokea kwenye kompyuta ya Vuga tuiite `hesabu`, na anwani yake ya intaneti tuifanye `203.0.113.25`, ambayo ni anwani ya mifano tu. Weka yako mahali pake.

SSH iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu kimoja cha teknolojia huko Helsinki, baada ya mtu kutega programu ya kunasa nywila katika mtandao wa chuo hicho. Kunasa kulikuwa rahisi kwa sababu FTP ya kupelekea mafaili na Telnet ya kuingilia kompyuta ya mbali, zilizotumika wakati huo, zilipitisha nywila mtandaoni kama zilivyoandikwa, bila ya kufichwa. SSH husimba kila kitu, yaani hukigeuza kisisomeke na mtu wa njiani, kabla hakijatoka kwenye kompyuta. Toleo linalotumika zaidi leo ni OpenSSH, lililotolewa mwaka 1999 na watu wa mradi wa OpenBSD. Upande wake wa mteja, yaani ule unaoanzisha safari, kwa kawaida umo tayari katika Linux na Mac, na unapatikana pia katika Windows 10 na 11.

Kwanza amua kompyuta gani itapokea. Intaneti ya simu, ambayo ndiyo inayotumika katika afisi nyingi ndogo, kwa kawaida haiipi kompyuta yako anwani inayofikika kutoka nje, kwa hiyo upande wenye anwani ya kudumu ndio uwe seva, yaani upande unaongoja kuunganishwa, na upande mwengine ndio uanzishe safari zote, za kupeleka na za kuchukua. Katika mfano wetu seva ni Vuga. Mhasibu aweke programu kwa amri hii (ni ya Linux za aina ya Ubuntu na Debian), na ikiwa kompyuta yake iko nyuma ya ruta, afungue poti namba 22, mlango ambao SSH hupitia, kwenye ruta hiyo ielekee kwenye kompyuta yake:

`sudo apt install openssh-server`

Hatua inayofuata ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi. Karani anapojiunga na Vuga kwa mara ya kwanza, SSH itamwonyesha alama ya kidole ya kompyuta ile, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoanza na `SHA256:`, na kumuuliza kama anataka kuendelea. Watu wengi huandika `yes` bila ya kuisoma. Usimbaji unazuia aliyeko njiani asisome, lakini haukuhakikishii kwamba aliyeko mwisho wa njia ni mhasibu wako. Mtu akijiweka katikati na kujifanya yeye ndiye Vuga, utamsimbia yeye mafaili yako vizuri kabisa. Kwa hiyo mhasibu, akiwa amekaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe, aandike:

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

Kisha ampigie simu karani na kumsomea alama hiyo herufi kwa herufi, akitaja ipi ni kubwa na ipi ni ndogo, au ampe karatasi iliyochapishwa watakapokutana. Katika matoleo ya karibuni karani anaweza kuiandika alama yenyewe badala ya `yes`, na SSH itakataa kuendelea ikiwa hazilingani. Baada ya hapo alama huhifadhiwa katika faili la `known_hosts`, na haitaulizwa tena. Siku SSH itakapotoa onyo kubwa kwamba alama imebadilika, usilifute onyo kwa haraka. Huenda mhasibu ameweka mfumo upya, na jambo hilo ataliungama kwa simu moja; ikiwa hajagusa chochote, acha kupeleka mpaka sababu ijulikane.

Sasa karani atengeneze ufunguo wake, utakaomtambulisha kwa Vuga badala ya nywila:

`ssh-keygen -t ed25519`

Ataombwa kaulisiri ya kuulinda ufunguo. Aiweke, na iwe ndefu, kwani kompyuta ya mkononi huibiwa. Amri hii huzaa mafaili mawili. `id_ed25519` ni siri na halitoki kwenye kompyuta ya karani, hata kwa barua pepe ya kujitumia mwenyewe. `id_ed25519.pub` ndilo linalopelekwa Vuga, na kwenye Linux au Mac linapelekwa hivi:

`ssh-copy-id hesabu@203.0.113.25`

Ili asiandike anwani kila mara, karani aunde faili `~/.ssh/config` lenye mistari hii:

`Host vuga`
`    HostName 203.0.113.25`
`    User hesabu`

Tangu hapo jina `vuga` linatosha. Kwa faili moja, amri ya `scp`, inayonakili mafaili kupitia SSH, haina maneno mengi:

`scp hesabu-ya-msimu.ods vuga:mapokezi/`

Folda ya `mapokezi` iwe imekwisha kuundwa upande wa Vuga. Nukta mbili baada ya `vuga` zisisahauliwe. Bila ya hizo `scp` itadhani `vuga` ni jina la faili na itanakili hapo hapo ulipo. Kwa folda nzima ongeza `-r`. Ukitaka kutazama kilichopo upande wa pili kabla ya kuchukua, tumia `sftp vuga`, kisha `ls`, `get` na `put`.

Kwa folda ya picha za daftari, hata hivyo, `scp` haitufai sana. Umeme ukikatika au mawimbi ya simu yakipotea wakati picha mia mbili ziko njiani, `scp` itaanza upya kutoka ya kwanza, na bando litakwisha kwa kurudia kilichokwisha kufika. Hapo ndipo inapohitajika `rsync`, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Hulinganisha pande zote mbili na kupeleka kilichobadilika tu, na ndani ya faili lililobadilika hupeleka sehemu zilizo tofauti. Inapaswa kuwepo kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye Windows haimo, na njia nyepesi ni kuiweka ndani ya WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux ndani yake.

`rsync -avP daftari/ vuga:mapokezi/daftari/`

Herufi `a` hupeleka folda pamoja na zilizomo ndani yake na kutunza tarehe za mafaili, `v` hutaja kila kinachopita, na `P` huonyesha maendeleo na kubakisha kipande kilichofika ikiwa njia itakatika. Njia ikirudi, andika amri ile ile tena. Wengi huongeza `z` ya kubana. Inasaidia kwa maandishi, lakini picha za simu zimekwisha kubanwa na hazipungui. Ikiwa afisi nzima inatumia laini moja na wenzako wanalalamika, `--bwlimit=100` itaizuia `rsync` isivuke kilobaiti 100 kwa sekunde.

Mkwaju ulio mwisho wa `daftari/` una kazi yake: ukiwepo, vilivyomo ndani ya folda ndivyo vinavyopelekwa, usipokuwepo, folda yenyewe inapelekwa, na mhasibu atakuta `daftari` ndani ya `daftari`. Nukta mbili nazo ziwe jozi moja tu. Ukiandika `vuga::` badala ya `vuga:`, `rsync` itaiacha SSH na kutumia itifaki yake yenyewe, yaani njia yake ya mawasiliano, ambayo haisimbi. Tena, usitumie `--delete`, ambayo hufuta Vuga kila kisichokuwepo Wete, kabla ya kuijaribu amri hiyo kwa `-n`, inayoonyesha kitakachotokea bila ya kukitenda.

`rsync` huhakiki yenyewe kila faili inalolipeleka. Kwa lililopelekwa kwa `scp`, kama ni hesabu ya kulipia watu, kila upande uandike `sha256sum hesabu-ya-msimu.ods` na majibu yalinganishwe.

Ufunguo ukishafanya kazi, mhasibu aifunge njia ya nywila, kwa sababu poti 22 iliyo wazi hubishwa usiku na mchana na programu zinazokisia nywila. Katika `/etc/ssh/sshd_config` aweke `PasswordAuthentication no`, ahakiki kwa `sudo sshd -t`, kisha `sudo systemctl reload ssh`, huku akiacha dirisha moja la SSH wazi mpaka karani athibitishe kwamba bado anaingia. Na karani akihama kazi au kompyuta yake ikipotea, mhasibu afungue `~/.ssh/authorized_keys` katika akaunti ya `hesabu` na kuufuta mstari wa ufunguo ule siku hiyo hiyo. Mistari ya wengine haiguswi, nao wataendelea kupeleka kama kawaida.